Somo la Mwezi: Mchawi wa Televisheni na Jirani wa Kweli

Masomo ya kusoma kwanza: 1 Samweli 28:3–25, Matendo 19:11–20, Walawi 19:15–18.

 Kabla ya kuendelea na somo hili twawaomba mfungue Biblia zenu, mzisome sura hizo tatu kwa utaratibu. Ikiwa nyumbani yupo mzee ambaye macho yake yamechoka, basi asomewe kwa sauti. Sisi tutawangojea.

Sasa tuanze na mambo ya nyumbani kwetu. Mjukuu wetu anasoma chuo hapa Dodoma, na siku za mwisho wa juma huja kwetu kula ugali na kufua nguo. Jioni moja mwishoni mwa Oktoba alikuja na uso wa maswali. Akatuamkia, akakaa, kisha akasema, “Babu, Bibi, wenzangu wananialika kwenye sherehe ya Halloween. Watu watavaa kama mizimu na wachawi. Je, ni dhambi?” Sisi tumefundisha walimu kwa miaka mingi, na tulikuwa tukiwaonya wanafunzi wetu wasijibu swali ambalo hawajalielewa. Tukamwambia atuonyeshe kwanza hiyo Halloween ni kitu gani. Akachomeka flashi nyuma ya televisheni, tukatazama filamu nzima, saa moja na nusu hivi. Mmoja wetu alisinzia kidogo katikati. Hatutasema ni nani.

Filamu hiyo yaitwa The Good Witch, yaani Mchawi Mwema. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2008 na kituo cha Marekani kiitwacho Hallmark Channel, ambacho kazi yake kubwa ni kutengeneza hadithi za mapenzi kwa ajili ya televisheni, nyingi za Krismasi na nyingine za majira kama haya. Hadithi yenyewe ni hivi. Katika mji mdogo uitwao Middleton anakuja mwanamke mgeni, Cassie Nightingale, amevaa nguo nyeusi. Anaingia kuishi katika jumba kuukuu ambalo watu husema lina mzimu. Anafungua duka la mishumaa na mitishamba. Mkuu wa polisi wa mji, Jake Russell, ni mgane mwenye watoto wawili, Brandon na Lori. Anakwenda kumchunguza yule mgeni na, kama mlivyokwisha kukisia, anaanza kumpenda. Mtoto mmoja anaonewa na wenzake, na mwingine anasumbuliwa na ndoto mbaya. Wote wawili wanapata msaada kwa yule mama. Lakini mke wa meya, jina lake Martha Tinsdale, hamtaki. Anazunguka mji mzima akiwachochea watu wamwondoe.

Kama kazi hii ingeletwa mezani kwetu kusahihishwa, tusingeipa alama nyingi. Kila mtu ana meno meupe. Mkuu wa polisi hana kazi yoyote ila kupita dukani kwa yule mama. Nyumba haina vumbi, na hatukuona mtu akichota maji wala akilipa deni. Dakika ya kumi tulikwisha kujua nani atampenda nani, na hatukukosea; katika filamu nyingine ya mfululizo huo, ya mwaka 2010, wanafunga ndoa mkesha wa Krismasi. Lakini jambo lililomuudhi Bibi kuliko yote ni maboga. Huko huchukua boga zima, zuri, wakatoboa macho na meno, wakatia mshumaa ndani na kuliweka mlangoni mpaka lioze. Mwishoni mwa Oktoba, hapa Ugogo, wakati ghala linasafishwa kwa ufagio na mvua haitazamiwi mpaka mwishoni mwa Novemba au hata Desemba, kumwonyesha mtu jambo kama hilo ni kumtia majaribuni.

Pamoja na hayo, twakiri kwamba tulicheka, na tulifurahi. Si vibaya kusema hivyo.

Tueleze kwa ufupi asili ya siku yenyewe, maana wengi hawaijui. Jina Halloween latokana na maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa watakatifu. Ndani yake limo neno lile lile ambalo Waingereza hulitumia katika Sala ya Bwana, wanapoomba jina la Mungu litukuzwe. Tarehe 1 Novemba ni Sikukuu ya Watakatifu Wote, iliyomo katika kalenda yetu ya Kianglikana. Papa Gregori wa Tatu, aliyetawala tangu 731 hadi 741, aliweka wakfu kanisa dogo mjini Roma kwa heshima ya watakatifu wote, na karne ya tisa sikukuu ya 1 Novemba ilienea Ulaya ya Magharibi. Katika nchi kama Ayalandi siku hizo zilikutana na desturi za kale za mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi, wakati ambapo watu waliamini kwamba roho zinatembea. Baada ya njaa kuu iliyoanza 1845, Waayalandi wengi walihamia Marekani na desturi zao. Kwao walikuwa wakichonga mizizi ya tanipu. Kule wakakuta maboga. Mengine ni biashara ya peremende na mavazi.

Sisi wa Central Tanganyika, dayosisi iliyoanzishwa mwaka 1927 na kulelewa na wamisionari wa CMS, hatukufundishwa kuzipa siku hizi uzito mkubwa. Ndugu zetu wa Zanzibar na Masasi, waliolelewa na UMCA, wanaijua vema pia tarehe 2 Novemba ya kuwakumbuka marehemu wote. Basi, tulimwambia mjukuu wetu kwamba jina lenyewe si la shetani. Ni jina la sikukuu ya Kanisa lililovalishwa nguo za kuigiza.

Hapo ndipo alipobisha hodi mzee wa kanisa, ndugu yetu wa siku nyingi, mtu mwema. Aliiona ile picha ya mwanamke na mishumaa yake ikiwa imesimamishwa kwenye televisheni, akakataa kuketi. Akatuambia kwamba pepo huingia nyumbani kwa njia kama hizo. Tulimweleza, naye akalainika, akanywa chai. Lakini alipokuwa akiondoka alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, “Hao wa filamu ni wa kuigiza. Wa kweli tunao hapa mtaani, nasi twawajua.” Akamtaja mama mmoja mzee, mjane, anayekaa peke yake karibu na korongo.

Mjukuu wetu akatutazama. Sisi tukanyamaza. Na kwa ajili ya kunyamaza huko tumeona yatupasa kuandika somo hili.

Rudini kidogo kwenye ile filamu. Mpaka mwisho haisemwi wazi kama Cassie ni mchawi kweli au ni mtu mwenye busara tu. Watengenezaji waliliacha hivyo makusudi, maana kwao neno mchawi limekwisha kutolewa meno. Ni kofia ndefu na ufagio, kama ambavyo wa kwetu husemwa hupanda ungo. Lakini halikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1692 katika kijiji cha Salem, Massachusetts, watoto wachache walianza kushikwa na kifafa cha ajabu, wakaulizwa ni nani anayewatesa, wakataja majina. Watu zaidi ya 150 walishitakiwa. Kumi na tisa walinyongwa, na mzee mmoja, Giles Corey, aliwekewa mawe mazito kifuani mpaka akafa. Waliowashitaki na waliowahukumu walikuwa wasomaji wa Biblia, watu wa ibada mbili kila Jumapili. Leo Salem ni mji wa matembezi. Mwezi wa Oktoba wageni hufurika, na hata magari ya polisi yana picha ya mchawi juu ya ufagio. Mkuu wa polisi wa kwenye filamu anaweza kumpenda mchawi kwa kuwa imepita zaidi ya miaka mia tatu.

Katika habari za Salem lipo jambo ambalo twapenda kila mzee wa kanisa alijue. Mmoja wa mahakimu aliitwa Samuel Sewall. Miaka mitano baadaye, siku ya kufunga na kutubu mwezi wa Januari 1697, alimpa mchungaji wake karatasi katika kanisa moja la Boston. Mchungaji alipokuwa akiisoma, Sewall alisimama mahali pake mbele ya watu wote. Karatasi ile ilisema kwamba yeye anaichukua lawama na aibu ya hukumu zile, naye anaomba msamaha wa Mungu na wa watu. Mwaka 1706 Ann Putnam, aliyekuwa mmoja wa wale watoto waliotaja majina, naye alisimama kanisani vivyo hivyo.

Kwetu haijapita miaka mia tatu. Uchunguzi uliofanywa juu ya miaka ya 1970 hadi 1984 katika Tanzania Bara ulihesabu watu zaidi ya 3,000 waliouawa kwa sababu ya tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wengi walikuwa wajane wazee. Ushahidi juu yao mara nyingi ulikuwa macho mekundu. Mtu aliyepika miaka hamsini kwa moshi wa kuni mbichi, au kwa mavi makavu ya ng'ombe mahali palipokosa miti, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, atakuwa na macho ya namna gani? Mwezi wa Januari, mwaka 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Tangazo lilikuwa jema. Lakini ramli chonganishi haihitaji mganga sikuzote. Yaweza kupigwa penye bomba la maji, au mlangoni kwa mwalimu mstaafu baada ya chai.

Tusiseme basi kwamba hayo ni ya Usukumani. Hapa petu mvua ni chache, milimita 550 au 600 hivi kwa mwaka mzuri, na pale ambapo mvua ni chache watu humtafuta aliyeifunga. Wahenga wetu walikuwa na watemi wenye mawe ya mvua, na nguo nyeusi, kaniki, ilikuwa rangi njema kwa kuwa ni rangi ya wingu. (Cassie wa Middleton angepita hapa na nguo zake nyeusi, bibi zetu wangemwona anaomba mvua.) Lakini pamoja na hayo walikuwa na neno muhawi, nalo halikuwa neno la mchezo.

Sasa tueleze letu. Katika miaka ya themanini tulikuwa wakufunzi vijana wa chuo kimoja cha ualimu katika nyanda hizi. Nyuma ya nyumba za walimu alikaa mama mmoja mjane katika tembe yake, na kila asubuhi tulinunua kwake maziwa. Alikuwa Mkristo, aliyebatizwa utoto, na Jumapili alikaa ubavuni karibu na mlango. Mwaka mmoja surua iliingia kijijini. Watoto watatu wa nyumba za jirani walikufa kabla mwezi haujaisha. Sisi tulijua ni surua. Mmoja wetu alikuwa akifundisha somo la afya wiki zile zile. Alichora ubaoni kadi ya kliniki na kueleza kwa nini mtoto wa miezi tisa hupelekwa kuchanjwa. Ubaoni tulijua, lakini nje ya darasa, watu walipoanza kusema habari za macho ya yule mama, tulinyamaza. Kanisani nafasi ikaonekana kwenye ubao wake, upande huu na upande huu. Kisha tukaacha kununua maziwa yake. Hatukumwambia sababu. Tulijiambia ni kwa ajili ya amani na majirani, maana sisi ni wageni pale. Siku mbili alikuja na kibuyu mpaka mlangoni, akasubiri, akaondoka. Siku ya tatu hakuja. Usiku mmoja walimvunjia mlango na kuwafungulia mbuzi wake, asubuhi hakuwako. Baadaye tulisikia kwamba alifia kwa ndugu zake, mbali.

Hatukumtaja sisi. Martha Tinsdale alizunguka mji kwa mdomo wake. Sisi hatukufungua mdomo hata mara moja. Kwa muda mrefu tulidhani hiyo ni tofauti kubwa.

Tukiwa na hayo moyoni, tuangalie Maandiko. Wapo watakaotaja Kutoka 22:18, nao hawakosei kusema kwamba Biblia yakataza uchawi. Yakataza kabisa, na Kumbukumbu la Torati 18 yaeleza kwa urefu. Mkristo haendi kwa mpiga ramli, haningʼinizi hirizi. Hilo halina mjadala hapa. Lakini mstari ule wa Kutoka ndio walioushika waliowanyonga watu Ulaya na Amerika, na hakuna aliyejua kuutumia ila kwa mwenzake.

Linganisheni na Efeso, Matendo 19. Watu wengi waliofanya mambo ya uganga walikuja na vitabu vyao, wakavichoma hadharani. Thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Someni tena polepole. Kila mmoja alileta vya kwake. Hakuna aliyekwenda kwa jirani kumvunjia mlango atafute vitabu. Hakuna aliyemwambia Paulo, fulani anavyo na amevificha.

Kisha Endori. Mfalme Sauli mwenyewe alikuwa amewafukuza katika nchi wenye pepo wa utambuzi. Alipobanwa na Wafilisti, akavaa nguo za mtu mwingine, akaenda usiku kwa mwanamke wa namna ile ile. Wangapi wanaosema mchana na kwenda usiku? Biblia haisifu alilofanya Sauli, wala alilofanya yule mwanamke. Lakini angalieni mwisho wa sura, mahali ambapo wahubiri wengi huwa wamekwisha kufunga kitabu. Sauli ameanguka chini kwa hofu, hana nguvu, hakula mchana wala usiku. Anayemwona kuwa ana njaa ni nani? Ni yule mwanamke, mtu ambaye Sauli alikuwa ametangaza hapaswi kuishi. Anamsihi ale. Anachinja ndama aliyemnenepesha, anakanda unga, anaoka mikate, anampa mfalme na watumishi wake. Ndama huyo pengine alikuwa mali yake yote. Siku ya pili Sauli akafa vitani, na chakula chake cha mwisho kilitoka katika nyumba ile.

Mjukuu wetu aliuliza tena habari za ile sherehe. Tulimjibu kwamba kuvaa shuka na kucheza kama mzimu hatuoni kuwa ni kumwabudu shetani, ila wa hapa kwetu anayejipaka majivu na kuigiza bibi kizee mchawi afikiri ni bibi wa nani anayemwigiza. Akafikiri. Mwishowe alikwenda, akavaa gauni lake la kawaida, na wenzake wakamcheka.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda sisi watatu kule korongoni kwa yule mama. Tulipeleka sukari na sabuni. Mjukuu wetu alimwamkia kwa magoti. Macho yake ni mekundu, tena moja lina mtoto wa jicho, na hakuna aliyewahi kumpeleka hospitali kuangaliwa. Alituuliza mara mbili ni nani aliyetutuma. Tuliposema hakuna, akatuwekea karanga katika sinia, akaketi mbali kidogo atutazame kama tutakula. Tulikula. Yule mzee wa kanisa tulimwendea jioni ile ile, tukamweleza habari za surua na za maziwa, kama tulivyowaeleza ninyi. Alikaa kimya, kisha akauliza yule mama ana watoto wangapi. Tarehe ya kumpeleka kwenye kliniki ya macho tumekwisha kupanga, na gari ni la mzee huyo.

Kwa vikundi vya nyumba kwa nyumba na kwa Umoja wa Mama, twapendekeza mzungumze haya. Kwa nini wale wa Efeso walileta vitabu vyao wenyewe bila kutajwa? Mtu akitajwa mbele yenu kuwa ni mchawi, ninyi mkiwa watu wanne mnakunywa chai, mnaweza kusema nini pale pale, kwa maneno gani hasa? Yajaribuni maneno hayo kwa sauti, kila mmoja kwa zamu, maana tumeona kwamba hayaji yenyewe. Na katika mtaa wenu, ni nani anayekaa kwenye ubao kanisani na nafasi pande zote mbili? Jina lake msiliandike kwenye karatasi ya majibu. Jumapili ijayo kaeni naye.